Karakana juu ya slabu kuukuu, Olkaria

Ukimwonyesha fundi slabu kuukuu, kwanza atakuuliza kama itabeba. Kwa karakana ya mbao na mabati, swali hilo ni la kupoteza muda. Slabu ya futi 20 kwa 12, yenye unene wa inchi 4, ina uzito wa zaidi ya tani 5, na banda litakalokaa juu yake halifiki hata tani 2. La kuulizwa ni chini yake kuna nini, na maji ya ukingoni yanaelekea wapi. Karakana moja ya kuchomelea vyuma upande wa Olkaria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, iliyojengwa juu ya sakafu ya banda lililobomolewa, ilifanywa na fundi aliyeanzia hapo.

Ardhi ya huku ni majivu ya volkano na pumisi. Ni nyepesi, na maji yakipata upenyo huizoa kwa chini huku juu pametulia tuli. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Maai Mahiu na barabara ya kwenda Narok ikakatika. Ulimwengu ukatangaziwa kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia kadhaa wakasema ni maji tu yamezoa majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani.

Fundi wetu akashika nyundo, akagonga slabu nzima hatua kwa hatua akisikiliza. Penye udongo ulioshikamana mlio ni mkavu na mfupi. Kona ya chini ya mteremko ililia kama debe tupu. Hakukimbilia kuipaka saruji. Alichimba kando, akakuta maji ya paa la jirani yamejitengenezea njia, akayageuza kwa mtaro, ndipo akajaza pango kwa mchanga na saruji iliyolainishwa hadi ikatiririka. Juu ya ufa uliokuwapo alibandika vipande vya plasta, akaandika tarehe kwa penseli, akaviacha msimu wa mvua upite. Plasta ikipasuka, slabu bado inatembea. Haikupasuka.

Vipimo vilileta kero ya kawaida: kwa kamba ya mshazari, slabu ilikuwa imepinda kwa inchi 3. Wengi hufuata ukingo wa zamani, halafu paa linawatesa. Yeye alipiga pembe mraba kwa kanuni ya 3, 4, 5, akasawazisha kwa mpira wa maji, na slabu ilipojitokeza nje ya ukuta akaikata. Hapo ndipo ninapompa alama nyingi zaidi. Kipande cha slabu kinachobaki nje hupokea maji yote yanayoteremka ukutani na kuyasukuma chini ya mbao, na baada ya miaka michache mbao ya chini inaoza huku mwenye nyumba akilaumu mchwa.

Juu ya slabu alipandisha kozi mbili za mawe ya kuchonga, akatandika karatasi ya kuzuia unyevu, ndipo mbao ya 4 kwa 2 ikalala. Fito za chuma zenye nyuzi zilipita kwenye viungo vya mawe hadi ndani ya slabu, zikiwa mbali na ukingo kwa inchi 4 au zaidi, maana zege kuukuu hubanduka ukingoni. Kazi ya fito hizo ni kulishikilia banda chini: upepo wa bondeni ukiingia mlangoni hunyanyua paa jepesi zaidi kuliko unavyolikandamiza. Mahali pa fuawe slabu ilikatwa kabisa, ukamwagwa msingi wake peke yake, ili vishindo visiuchokoze ufa.

Umeme ndio uliosahaulika. Mvuke wa jotoardhi unaotoka visimani, ambao umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme ya Olkaria tangu 1981, una gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo huishambulia shaba na fedha kabla ya metali nyingine. Nyaya za mashine ya kuchomelea zilikuwa zimeachwa wazi kwenye viungo, na shaba yake ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Kiungo cheusi hupitisha umeme kwa shida na huchemka, na ukuta ulio nyuma yake ni wa mbao. Kisanduku kilichozibwa vizuri, viungo vilivyopakwa grisi na ukaguzi wa mara kwa mara vingegharimu kidogo sana kuliko yale mawe.