Faraja ya Aliyetengwa katika "Yesu Kwetu ni Rafiki"

Wimbo huu wa Tenzi za Rohoni huimbwa makanisani na matangani, Pumwani hadi Kayole. Mtahiniwa akiulizwa kuuhakiki, huandika upesi kwamba dhamira yake ni imani. Jibu hilo halitoshi. Jiulize, mwanafunzi: aliyetengwa na wenzake hufarijiwaje hapa?

Tazama nafsi. Ubeti wa kwanza husema "sisi". Wa pili humgeukia "wewe" kwa maswali ya balagha kuhusu dhiki zake. Wimbo haukani kwamba watu hudharau. Hulitaja jambo hilo waziwazi, kisha takriri humhakikishia kuwa dua husikiwa. Joseph Scriven aliutunga kwa Kiingereza mwaka 1855 akiwa Kanada, kumliwaza mamake aliyekuwa Ireland.

Mwalimu mwenzangu, usiusahau uwasilishaji. Mpangaji wa Kayole asiyejulikana hata na majirani huitwa "wewe" na kanisa zima. Lakini je, waliomtenga wakiwa ndio wanaoimba naye? Hapo faraja hubaki kwa Mungu peke yake, nao wimbo huwasuta waimbaji. Mtahiniwa akiliona hilo, amehakiki.