Yoga si Viungo Pekee: Uhakiki wa Msamiati wa Malezi ya Nafsi katika Kiswahili kwa Kipimo cha Gasorwe, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoipokea falsafa ya yoga. Yanadai kwamba kuifasiri yoga kuwa "mazoezi ya viungo" kunaondoa kiini chake, yaani malezi ya nafsi yanayochukua maisha yote, ilhali lugha yenyewe ina hazina ya kutosha kuyabeba malezi hayo. Kambi ya wakimbizi ya Gasorwe imechukuliwa kuwa kipimo cha uadilifu wa tafsiri. Hoja kuu ni kwamba istilahi inayofaa haina budi kuwa ya kweli kwa falsafa inayoielezea na ya haki kwa msikilizaji wake.

1. Utangulizi

Tarehe 11 Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza yoga ya India katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Katika Afrika Mashariki, Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, imewafunza vijana kuwa walimu wa yoga. Yoga, basi, imekwisha kubisha hodi. Linalobaki ni kuuliza imeingia kwa jina gani.

Gasorwe, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, ina kambi iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya mashariki ya nchi yao. Hapo Kiswahili cha Kongo hukutana na Kirundi na lugha za Kivu. Makala haya hayadai kwamba yoga inafundishwa kambini humo. Yanauliza iwapo maneno yanayotumiwa kuielezea yanaweza kusemwa mbele ya mtu aliyekaa uhamishoni miaka mingi bila kumdanganya wala kumdhalilisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kambi ilifunguliwa amekwisha kuwa mtu mzima. Kwa mtu huyo, "maisha yote" si maneno ya kupamba hotuba.

2. Yoga katika matini yake

Yogasutra ya Patanjali, ambayo wataalamu wengi huiweka katika karne za mwanzo za Miladia, huitaja mikao ya mwili katika sutra tatu tu kati ya takribani 195. Asana ni hatua ya tatu kati ya nane. Kabla yake huja yama, yaani miiko kama kutodhuru, ukweli na kutoiba; kisha niyama, yaani nidhamu ya mtu binafsi kama usafi, kuridhika na kujisomea. Baada ya asana hufuata pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kuelekeza fikira, kutafakari na utulivu wa mwisho.

Nguzo za njia hiyo ni mbili: zoezi linalorudiwa kwa muda mrefu bila kukatizwa, na kuacha kutawaliwa na matamanio. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, aliufananisha moyo na mto unaotiririka pande mbili: kuacha huziba mkondo wa uovu, na zoezi hufungua mkondo wa wema. Anayechukua mikao peke yake ameshika hatua moja na kuziacha saba.

3. Hatima ya neno "riadha"

Kiswahili kimewahi kupitia njia hii. Katika Kiarabu cha masufi, neno lililotuzalia "riadha" lilihusu kuitiisha nafsi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikitengea kitabu kizima cha Ihya suala la riadha ya nafsi. Katika Kiswahili cha leo riadha ni mbio na miruko ya uwanjani. Neno lilitoka rohoni likahamia miguuni, na wachache waliona limehama. Yoga imo katika safari hiyohiyo.

Jambo hili lina kinaya, kwa kuwa ulimwengu wa Kiarabu uliijua falsafa hii mapema. Al-Biruni aliifasiri kazi ya Patanjali kwa Kiarabu katika karne ya 11. Mwanazuoni Mwislamu aliweza kuieleza imani ya wengine kwa uwazi bila kuificha na bila kuikiri. Huo ni mfano mwema kwa mfasiri wa Kiswahili.

4. Hazina iliyomo ndani

Lawama haliangukii neno "mazoezi" lenyewe. Mzizi wake ni zoea, kitenzi kilichozaa pia "mazoea". Kuzoea ni kurudia jambo hadi liwe tabia, na hapo ndipo ilipo nguzo ya kwanza ya Patanjali. Kosa limo katika kivumishi: "ya viungo". Vivyo hivyo pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Msemaji wa Kiswahili huhusisha pumzi na utulivu kabla hajafunzwa na mwalimu yeyote.

Nguzo ya pili imo katika ushairi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, ili uache kudanganywa na dunia. Huu ni utenzi wa zuhudi usio na mfano. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona mpaka wake: utenzi huo unaamsha, lakini kazi ya kila siku baada ya kuamka inaachiwa ibada na nyiradi nje ya matini. Kwa mfano wa Vyasa, umeziba mkondo mmoja kwa ustadi mkubwa, na mkondo wa pili haukuwa shughuli yake.

Burundi nayo ina malezi yake. Umushingantahe hupimwa kwa miaka mingi katika ukweli, kiasi na haki kabla ya kutawazwa mbele ya watu wa mlima wake, na baada ya hapo hubaki chini ya macho yao. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliutambua ubushingantahe kuwa urithi unaostahili kufufuliwa. Ubushingantahe si yoga: lengo lake ni kupatanisha watu, ilhali yoga hulenga ukombozi wa nafsi. Lakini zote mbili zinakubaliana kwamba utu hauhitimiwi kwa semina ya siku tatu.

5. Hatari mbili za tafsiri

Hatari ya kwanza ni kuficha. Wapo wanaoona kwamba kuita yoga "mazoezi ya viungo" kunaepusha hofu ya waumini wa Kikristo na Kiislamu. Lakini niyama ya mwisho ni kujikabidhi kwa Ishvara, Bwana, na mtu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kuamua. Falsafa inayoanza na ukweli haiwezi kuingizwa kwa mlango wa nyuma. Anayetaka kufundisha kunyosha mwili na kutuliza pumzi tu aseme hivyo, na aliache jina la yoga.

Hatari ya pili ni nzito zaidi. Niyama ya pili, santosha, hufasiriwa vizuri kwa "kuridhika" au "kinaa". Mwenye mali akiambiwa akinai, anaonywa. Mkimbizi anayesubiri mgao akiambiwa akinai, ananyamazishwa. Vilevile mwiko wa kutojilimbikizia mali hauna maana ileile kwa aliyeacha nyumba, shamba na ng'ombe ng'ambo ya mpaka. Kuacha ni kitendo cha hiari. Kunyang'anywa si zuhudi. Tafsiri isiyotenganisha mambo haya huigeuza falsafa ya ukombozi kuwa chombo cha kuwatuliza watu badala ya kuwatendea haki.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, neno "yoga" libaki, lifafanuliwe kuwa malezi ya nafsi ya maisha yote, na "mikao" litumike kwa asana pekee. Pili, sutra ya pili isifasiriwe kwa "kuzuia akili" bali kwa "kutuliza mawimbi ya moyo", maana kinachotakiwa ni utulivu, si kifungo. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu istilahi za malezi ya nafsi na afya ya akili kwa kuvihusisha Kiswahili cha Kongo na cha Burundi, visiwe vipokezi tu vya maamuzi ya pwani. Nne, watunga sera wasiidhinishe programu yoyote ya aina hii kambini kabla wakazi wenyewe hawajaisikia kwa lugha yao, wakaihoji, na kupewa nafasi ya kuikataa.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inaeleza kazi ya zoezi, lakini inadhania kwamba kibaba ni cha mwenye kukijaza. Sera inayomhimiza mkimbizi wa Gasorwe kujaza haina budi kwanza kuhakikisha kwamba kibaba ni chake.