Ng'ombe Hajui Mpaka, Mkataba Haujui Ng'ombe

Wasomi wengi huzungumzia biashara ya mataifa kana kwamba ni ushuru na mikataba tu. Sikubaliani nao. Soko la Kimana, Kajiado, si mbali na mpaka wa Tanzania. Wamaasai wa pande zote mbili ni jamii moja, na ukame ukibisha hodi ng'ombe hufuata nyasi, hawaulizi bendera.

Oktoba 2017, Tanzania ilipiga mnada ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya. Punde si punde, vifaranga 6,400 wakateketezwa Namanga. Sheria ilikuwepo, sikatai. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja nayo ilikuwepo tangu 2010! Kilichokosekana ni kuelewana. Kwa afisa, ng'ombe aliyevuka ni "mfugo wa kigeni". Kwa Mmaasai ni mahari, akiba na heshima. Maneno hayo mawili hayajawahi kuketi meza moja.

Ajabu ni kwamba Mkataba wa Jumuiya wa 1999 uliteua Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikaachiwa mawasiliano ya raia. Basi wanadiplomasia wetu wajadili malisho kwa lugha ya sokoni, wazee wa boma wakiwepo. La sivyo, tutazidi kutia saini huku mifugo ikinadiwa.