Uwezo wa Gavana Kuahirisha Hukumu ya Kifo

Katika nchi ya Marekani kila jimbo lina sheria zake, wala uwezo wa magavana juu ya watu waliohukumiwa kufa haulingani. Huko Texas gavana peke yake aweza kuahirisha kifo cha mtu mara moja tu, kwa muda usiozidi siku 30. Akitaka kumpunguzia adhabu, sharti kwanza baraza la misamaha likubali. Basi twauliza: kesi iliyochukua miaka mingi, yawezaje kuchunguzwa upya kwa mwezi mmoja?

Tutazame jimbo la Illinois. Tangu hukumu ya kifo iliporudishwa huko mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa, na wengine 13 waliokuwa wakingoja kuuawa walifunguliwa, hukumu zao zilipotanguka. Gavana George Ryan alipoona hesabu hiyo, mwezi wa Januari 2000 alisimamisha mauaji yote, akaweka tume ya uchunguzi. Mwezi wa Januari 2003, karibu na kuacha kazi, aliwabadilishia adhabu watu 167. Mwaka 2011 jimbo hilo likaifuta kabisa hukumu ya kifo.

Wako wasemao kwamba uwezo huo wawadharau raia waliosikiliza kesi na kukata shauri, tena wawaongezea uchungu jamaa za marehemu. Neno hilo si la kupuuzwa, maana kungoja haki ni mzigo mzito. Lakini mwenye hatia aliyeahirishiwa kifo yumo gerezani bado, na kesho aweza kuadhibiwa. Asiye na hatia akiisha kuuawa, hakuna hakimu awezaye kumrudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo tunalo la kulaumu. Ryan mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 2006 kwa makosa ya ufisadi. Jambo hilo halikuitangua huruma yake, ila latuonya kwamba uhai wa watu usitegemee moyo wa mtu mmoja. Alilolisimamisha gavana huyu, gavana ajaye aweza kuliendesha tena. Kwa hiyo twaona yafaa gavana apewe uwezo huo kwa sheria iliyo wazi, nayo imlazimishe kutoa sababu zake mbele ya watu na kuamuru uchunguzi. Wala mauaji yasirudi kabla makosa yaliyoonekana hayajatengenezwa. Kuahirisha pasipo kuchunguza ni kumketisha mtu mlangoni pa kaburi, na kumwambia angoje.