Mshale Hunyooshwa Kabla ya Kulenga

Kigali, upinde tunaouona mara kwa mara ni ule ulio mikononi mwa intore, wachezaji wa ngoma ya jadi ya Rwanda, wakicheza. Unapanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma, na mshale haumo. Zamani vijana wa itorero, chuo cha jadi cha malezi, walifundishwa pia kumasha, kulenga shabaha kwa mshale, pamoja na kuruka juu na kurusha mkuki. Leo anayetaka kuona mshale ukitengenezwa kwa kazi yake halisi avuke mpaka wa mashariki hadi Bonde la Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe. Ni watu wapatao 1,000 na ushei, na sehemu yao bado wanaishi hasa kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Kazi huanza kwa macho. Mwindaji akipita porini, hata akiwa na shughuli nyingine, hukagua vichaka vya mkole na miti ya jamii yake. Anataka tawi jembamba, nyoofu, lisilo na vifundo. Penye kifundo nyuzi za mti huzunguka, na wano, yaani mti wa mshale, litakuja kupindia hapo hapo. Matawi mengi hutazamwa na kuachwa. Nadhani nusu ya ustadi wote imo katika kule kuacha.

Tawi lililokubaliwa humenywa gome na kukwanguliwa kwa kisu, mkwanguo mwembamba baada ya mwingine, huku likizungushwa ili unene uwe sawa. Kisha hupitishwa juu ya makaa. Halichomwi, hupashwa tu hadi mti ulainike. Fundi huliinua usawa wa jicho, hulitazama kwa urefu wake wote, halafu huling'ata pale palipopinda. Meno hushikilia, mikono hukunja polepole, na kijiti hubaki hivyo mpaka kipoe. Hutazama tena. Hurudisha motoni. Hakuna rula wala kipimo kingine, na hakuna anayemharakisha. Wano likishakubali kunyooka hapa, huonyesha kasoro ndogo zaidi pale, nayo hufuatwa kwa subira ile ile.

Unyoofu peke yake hautoshi. Upinde wa Kihadzabe ni mgumu. Kuuvuta hadi mwisho hudai nguvu ya kama kilo 30, na ugwe wake ni wa kano za mnyama. Ugwe unapoachiliwa, mshale hausukumwi ukabaki umenyooka kama fimbo. Hukunjika, huuzunguka mti wa upinde, hujikunja upande wa pili, kisha hutulia angani. Wano likiwa gumu kupita kiasi, mshale wa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia huelekea kushoto. Likiwa laini mno, huelekea kulia. Kwa hiyo mshale mzuri ni ule unaolingana na upinde wake. Fundi huyajua hayo kwa vidole, akilikunja wano kidogo na kuliachia.

Wapiga bastola wa mashindano huko Marekani na Ulaya wanaijua hesabu hii. Wale wanaojaza risasi zao wenyewe hupima baruti kwa mizani midogo, huzipanga risasi kwa uzito, kisha hufyatua chache chache kwenye karatasi ya shabaha wakitafuta mchanganyiko ambao mtutu wao unaupenda. Risasi iliyotulia katika bastola moja huweza kutawanyika katika nyingine. Mizani yao husoma uzito usiofika sehemu ya mia ya gramu. Mhadzabe hana mizani hiyo, lakini swali analolijibu ni lile lile.

Baada ya wano huja manyoya, ya kanga au ya ndege wakubwa kama tumbusi. Hupasuliwa katikati ya uti, hukatwa, hulazwa nyuma ya mshale na kufungwa kwa ukano uliolainishwa mdomoni. Ukano ukikauka hujikaza wenyewe, na fundo halihitajiki. Kazi ya manyoya ni kuburuza nyuma ili chembe, yaani ncha ya mshale, itangulie. Likikaa vibaya hata moja, juhudi yote ya makaa na meno huharibika.

Chembe nazo huchaguliwa kwa windo. Kwa ndege na wanyama wadogo hutosha ncha ya mti iliyochongwa, na wavulana hutumia hata gunzi la hindi. Kwa wanyama wa wastani hufungwa chembe ya chuma yenye umbo la jani, iliyofuliwa kwa kugongwa msumari juu ya jiwe, bila tanuri. Kwa wanyama wakubwa kuna chembe yenye miba, inayopakwa sumu nzito nyeusi iliyochemshwa kutokana na utomvu wa waridi la jangwani. Chembe hiyo huvishwa ngozi laini, sumu isikauke wala isimguse mtu.

Hata hapo mshale haumaliziki. Kila siku kambini utamkuta mtu amekaa kivulini akinyoosha tena mawano yaliyopindishwa na jua na umande. Thamani yake huonekana katika lukuchuko, mchezo wao wa kamari wa kurusha vipande vya magome kwenye shina la mti: mishale ya chuma na ya sumu huwekwa dau, lakini upinde na mishale ya mti mtupu haviwekwi, kwa kuwa bila hivyo mtu hawezi kujilisha.

Kila sehemu ya mshale huu, isipokuwa msumari na gunzi, hutoka porini. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za kimila za kumiliki ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Hati hizo zinastahili kulindwa, kwa sababu mahali panapolimwa mkole hufyekwa.