Pongezi kwa Wapishi wa Forodhani

Mgeni anayefika Unguja apelekwe bustani ya Forodhani kabla ya kuzoea chakula cha hotelini. Bustani hiyo, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, kila jioni hujaa moshi wa mishikaki na pweza, mabakuli ya urojo, na miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Wapishi wake wanastahili pongezi: wanamlisha mgeni ladha ya Unguja yenyewe, na fedha anayolipa inabaki kwa wenyeji. Wapo wanaohofia usafi na bei anazopandishiwa mgeni. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni maji safi, bei zilizoandikwa wazi na kuchagua kinachotoka motoni. Si kumnyima mgeni chakula hicho. Wanaopika hadharani wanastahili kutangazwa.