Herufi za tumbo nzito hazitoshi

Kila wakati mutu anatutumia ile aina ya herufi inayoitwa OpenDyslexic, anasema dawa ya watoto wenye disleksia njo hiyo. Leo nataka kuikosoa.

Kwanza tuipe haki yake. Abbie Gonzalez aliitoa mwaka 2011, tena bure. Wazo lake: chini ya kila herufi kumefanywa kuzito, ili b isigeuke d mbele ya mutoto.

Lakini kwa wengi wa watoto hawa shida haiko kwa macho. Iko kwa kuunganisha herufi na sauti. Mutoto anaona vizuri neno la Kifaransa "oiseau". Kinachomushinda ni kwamba herufi sita zile zinasomwa "wazo"! Kwa Kiswahili tunaandika vile tunasikia. Kwa Kifaransa, hapana. Kunenepesha herufi hakumufundishi hilo. Mwaka 2017 Wery na Diliberto waliipima kwa wanafunzi wa shule ya musingi: haikuongeza mbio ya kusoma, haikupunguza makosa.

Sasa, kitu gani kilisaidia? Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walichukua herufi za kawaida kabisa, wakapanua tu nafasi kati yao. Watoto wenye disleksia, Waitaliano na Wafaransa, walisoma mbio zaidi na makosa yakapungua. Juu herufi zikibanana zinasukumana, kama watu ndani ya taksibusi. Mutoto hajui atazame gani.

Hiyo haiombi tablete wala intaneti. Mwalimu anayechapisha enterro anaweza kuachanisha herufi na mistari. Anayeandika kwa tablo pia anaweza. Haiponyeshi disleksia, na mutoto bado anahitaji mutu wa kumufundisha sauti moja moja, polepole. Lakini inamupunguzia muzigo.

Mbona ninakaza hivi? Juu muzazi akiambiwa dawa imepatikana, anaacha kutafuta musaada. Mwaka unapita, mutoto anaitwa mujinga, anarudilia kalasi, mwisho anaacha masomo. Na akili alikuwa nayo.

Sisi tuliosoma, mbele ya kutuma chombo chochote, tuulize mambo mawili: kilipimwa kwa watoto? Na kwa luga gani? Kama hakuna jibu, tusikiite dawa.